Makoti ya Kusubiria Nguruwe

Muuza mitumba alimwambia Rogathe kwamba makoti yale yalikuwa yamelala kibandani kwake tangu mwaka uliopita. Watu wa Same waliyashika, wakacheka, wakaenda zao kutafuta mashati. Yalikuwa makoti ya nchi za theluji, mazito, yamejazwa manyoya, yana kofia ya kufunga hadi kidevuni. Ilikuwa mchana, upepo wa tambarare unapuliza vumbi sokoni, na Rogathe alikuwa amejifungia mojawapo ili aone linafika wapi. Jasho lilimtiririka mgongoni. Wapita njia walimtazama kama mtu aliyeanza kuchanganyikiwa.

"Mama, unahamia Ulaya?" muuzaji aliuliza. Alikuwa kijana wa Singida, jina lake Anderson, aliyefika huku kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge akaishia sokoni.

"Tunakwenda kuwinda nguruwe," Rogathe alisema.

Anderson alicheka, akasubiri Rogathe naye acheke. Alipoona hacheki, aliinama akaanza kukunjua makoti mengine.

Rogathe alikuwa mwenyekiti wa kitongoji cha Ndolwe, juu kabisa milimani, mahali ambapo mashamba ya mwisho yanapakana na msitu wa hifadhi. Mtu anayepita Same kwa basi huamini kwamba Upare wote ni joto na mikonge. Hajapanda huko mwezi wa saba, ukungu unapokaa siku kadhaa bila kunyanyuka, manyunyu yakidondoka mchana kutwa, na maji ya bomba yakiuma meno. Anayetembea na kulima kwenye baridi hiyo huivumilia. Anayesimama mahali pamoja akiwa amelowa, tangu alfajiri hadi jua lipande, huyo ndiye baridi humchukua.

Na kuwinda nguruwe kule Ndolwe ni kazi ya kusimama. Usiku nguruwe pori hutoka msituni wakateremka kwenye viazi na mahindi. Alfajiri hurudi kulala. Wawindaji lazima walale juu, kwenye kibanda cha zamani cha wakata miwati, miti ya kuni na nguzo, ili kabla hakujapambazuka wawe wamejipanga kwenye mpaka wa msitu. Kundi jingine hupanda kutoka chini na mbwa na madebe, likiwafukuza wanyama kuelekea kwenye mstari. Walio mstarini hawaruhusiwi kukohoa, wala kuota moto, wala kupiga miguu chini. Wanasimama tu kwenye nyasi zenye maji.

Mwaka uliopita Sifael, mtoto wa pekee wa kiume wa Mama Hedwiga, alisimama hivyo. Usiku kucha walikuwa wamekunywa dengelua, pombe ya miwa, wakisema inapasha damu. Asubuhi Sifael aliacha kutetemeka, akasema anasikia joto, akakaa chini ya mti. Walipomfuata alikuwa anatabasamu na hakuweza kutaja jina lake. Walimteremsha kwa machela ya matawi. Rogathe aliwakuta njiani akapokea upande wa miguu, na kabla hawajafika zahanati alijua kwamba anabeba maiti. Muuguzi alisema ni baridi. Watu wa Ndolwe walisema ni malaria iliyompanda kichwani, wengine wakasema ni moyo, wengine wakataja jirani. Hakuna aliyetaka kusikia kwamba mtu mzima, mzaliwa wa milimani, ameuawa na baridi ya kwao.

Novemba Rogathe alichaguliwa mwenyekiti. Nguruwe waliporudi mwaka huu, alisema hadharani kwamba watawindwa, lakini hakuna atakayepanda kule bila nguo za kufaa, moto wa kufaa na kibanda kisichovuja. Watu walimpigia makofi. Baadaye alielewa kwamba makofi yale yalikuwa ya nguruwe, si ya nguo.

Siku hiyo Same alikuwa na shughuli mbili. Ya makoti aliimaliza vibaya. Yaliyomtosha mwanaume yalikuwa machache, nayo yalikuwa mekundu, ya njano, na moja la rangi ya waridi lenye maua kifuani. Aliyachukua yote. Shughuli ya pili ilikuwa kwa watu wa wanyamapori, ambao peke yao wangeweza kumtuma askari mwenye bunduki. Walimpokea vizuri, wakamkalisha, wakamweleza kwamba askari aliyepangwa kupanda Ndolwe ameondoka asubuhi hiyohiyo kwenda tambarare ya Maore, ambako tembo wameingia kwenye mahindi ya watu. Hakuweza kukasirika. Tembo anaua. Lakini alirudi kituoni na robota lake kichwani akihisi kama mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri akaambiwa dirisha limefungwa.

Gari la kupanda mlimani lilikuwa limejaa mbolea. Alikaa juu ya magunia, na walipopita kona ya kwanza yenye ukungu abiria wote walifunga nguo zao vizuri. Rogathe alifungua robota, akavaa koti la waridi.

Jioni aliita watu barazani kwake. Mumewe alikuwa Moshi kwenye kazi za useremala, na baraza lile ndilo lililokuwa ofisi ya kitongoji. Aliyekuja mapema ni Asheri. Huyu ndiye aliyekuwa kiongozi wa wawindaji tangu ujana wake, mtu mrefu, mkimya, mwenye mbwa wanne waliomsikiliza kuliko watu wengi walivyosikiliza wachungaji wao. Ndiye aliyepanga mstari mwaka uliopita.

Asheri alichukua koti jekundu, akalikunja kwa mkono mmoja karibu na sikio. Kitambaa chake kililia kwasakwasa.

"Mwenyekiti," alisema, "nguruwe haoni vizuri. Lakini hili atalisikia akiwa bado kitandani kwake."

Watu walicheka. Rogathe aliona kwamba ni kweli. Katika vumbi na makelele ya soko hakuwa amelisikia lile koti. Alipiga hatua pale barazani akiwa amevaa la waridi, na kila hatua ililia kama mtu anayekanyaga majani makavu. Vijana waliendelea kucheka muda mrefu kuliko jambo lenyewe lilivyostahili.

Siku zilizofuata alishona. Aliwaomba wanawake waliokuwa na mablanketi makuukuu wayalete, wakayakata, wakayafunika makoti yale kwa nje ili yasilie. Sindano zilivunjika. Blanketi juu ya nailoni linateleza, mshono unapinda, na makoti yakawa mazito kama magodoro. Yalikuwa na sura mbaya sana. Lakini hayakulia tena, na ukiingiza mkono ndani ulikuta joto.

Kibanda ndicho kilichomkera zaidi. Upepo ulikuwa umeng'oa mabati ya upande mmoja, na alitangaza msaragambo, kazi ya pamoja ya kitongoji, wa kuyarudisha. Siku ya msaragambo ilikuwa pia siku ya kupeleka mahari kwa akina Leticia, binti wa kitongoji aliyechumbiwa, na wanaume wote walikumbuka ghafla kwamba ni wajomba wa bwana harusi. Rogathe alipanda na wanawake watatu na mzee mmoja aliyekuwa hasikii vizuri. Walipigilia mabati kwa misumari ya zamani waliyoinyoosha kwa mawe. Walikata kuni, wakazipanga ndani, wakazifunika kwa turubai. Alipopanda tena kukagua alikuta nusu ya kuni haipo. Wapasua mbao walikuwa wamelala hapo wakazichoma, wakaacha na maganda ya viazi sakafuni.

Alisimama mlangoni akiyatazama yale maganda. Alikuwa amejiandaa kuhangaika na baridi na nguruwe. Hakuwa amejiandaa kuhangaika na kila kitu kingine.

Wakati huo nguruwe hawakusubiri. Kila asubuhi mtu fulani alikuja barazani na mmea uliong'olewa mkononi kama vile ameleta ushahidi mahakamani. Asheri naye alikuja, hakuleta kitu. Alisema mbwa wake wamenenepa kwa kukaa. Alisema zamani watu waliondoka jioni wakiwa na mkuki na kande za baridi mfukoni, wakarudi na nyama.

"Na mwaka jana?" Rogathe aliuliza.

Asheri aliangalia barabarani. "Mwaka jana ilikuwa amri ya Mungu," alisema, akaondoka.

Hatimaye tembo wa Maore walirudishwa mbugani na askari akatumwa. Jina lake Abednego, mtu wa makamo, mpole, aliyezaliwa Kileo na kufanya kazi maisha yake yote tambarare. Alishuka kwenye gari na bunduki yake na begi dogo. Alivaa sare nyepesi ya kaki na viatu vya turubai, na kabla hajamaliza kusalimia wazee alikuwa ameingiza mikono kwapani. Rogathe alimuuliza kama ana nguo nyingine. Abednego alisema kwa aibu kwamba aliambiwa milimani kuna kibaridi, naye amechukua shati la pili.

Rogathe aliingia chumbani, akakaa kitandani kidogo, akiwa peke yake, kisha akatoka na sweta mbili za mumewe.

Walipanda alasiri. Ukungu ulikuwa mwepesi, mtu aliweza kuona miwati ng'ambo ya bonde, na Asheri alisema usiku utakuwa mkavu. Walikuwa kundi la kusimama mstarini. Kundi la madebe lingelala nyumbani na kuanza kupanda kabla ya mapambazuko. Rogathe alikwenda nao. Hakuna aliyemwita, wala hakuna aliyethubutu kumkataza. Alibeba sufuria, tangawizi iliyopondwa, na gunia la kande zilizochemshwa. Makoti waliyabeba vichwani ili yasilowe kwa jasho, kama alivyowaagiza.

Hawakuwa wamekaa kibandani muda mrefu mvua ilipoanza. Haikuwa manyunyu ya kawaida. Ilikuja na upepo kutoka juu, ikapiga upande uleule wa mabati waliyopigilia na misumari ya zamani, na bati moja likaanza kupigapiga kama mlango. Maji yaliingia. Walihamisha makoti kona hii, yakalowa, wakayahamisha kona ile. Kuni zilizobaki zilitoa moshi tu. Watu walikohoa, macho yakawatoka machozi. Abednego alikaa karibu na moshi akiwa na sweta mbili na koti juu yake, na bado meno yake yaligongana hivi kwamba wote waliyasikia.

Ndipo Asheri alipofungua gunia lake akatoa galoni la dengelua.

Hakulificha. Alilifungua mbele ya wote, akamimina kikombe, akampa Abednego kwa heshima kama mgeni. Rogathe aliuzuia mkono ule kabla kikombe hakijafika. Alichukua na galoni. Alitoka nalo nje kwenye mvua akalipindua, na harufu tamu ya miwa iliyochacha ikaenea mlangoni.

Alirudi ndani. Asheri alikuwa amesimama, kichwa karibu kigonge bati.

"Unataka kuwinda," alisema taratibu, "au unataka kutufundisha kuishi?"

"Nataka kila mtu kesho ashuke kwa miguu yake."

"Unasema hivyo kana kwamba kuna aliyetaka vingine."

Rogathe aliona uso wake akajua kwamba amegusa mahali asipokusudia. Lakini alikuwa amelowa, amechoka, na hakuwa na maneno ya ziada ya kumpunguzia mtu. Alimgeukia Abednego akamwomba atie risasi kwenye bunduki, mbele yake, hapohapo. Abednego alijaribu. Risasi ilianguka kwenye tope. Aliiokota, ikaanguka tena.

"Mama, siwezi kukudanganya," alisema. "Vidole naviona, ila sivisikii."

Kulikuwa bado na mwanga wa kutosha kuona njia. Rogathe alisema wanashuka, wote, sasa hivi. Vijana wawili walinung'unika kwamba wamefika mbali mno kurudi. Asheri hakunung'unika. Alifunga gunia lake tupu kiunoni, akawaita mbwa wake, akatangulia peke yake bila kuangalia nyuma, na katika siku zote za maandalizi hakuwahi kumkera Rogathe kama alivyomkera kwa ukimya ule.

Asubuhi waligundua kwamba nguruwe walikuwa wameteremka hadi shamba la Mama Hedwiga.

Rogathe alikwenda mwenyewe. Shamba lilikuwa limepinduliwa mwanzo hadi mwisho kama lililolimwa na trekta iliyolewa. Viazi vilivyobaki vilikuwa na alama za meno. Mahindi yalikuwa chini, mabua yamekanyagwa matopeni. Mama Hedwiga alisimama katikati na khanga yake imelowa hadi magotini.

"Shikamoo mama," Rogathe alisema.

Mama Hedwiga hakuitikia mara moja. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, Mkatoliki wa kila asubuhi kanisani, na Rogathe hakuwahi kumsikia akipandisha sauti, hata siku ya maziko. Hata sasa hakuipandisha.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Nimesikia jana mlirudi."

"Askari alikuwa hawezi tena kushika bunduki. Mvua ilikuwa kubwa, mama. Niliogopa tusije tuka..."

"Najua ulichoogopa." Mama Hedwiga aliinama akaokota kiazi kilichotafunwa nusu, akakiangalia, akakitupa. "Kila mtu hapa ananiambia Rogathe anafanya haya yote kwa ajili ya Sifael. Makoti kwa ajili ya Sifael. Moto kwa ajili ya Sifael. Sifael hahitaji koti. Mimi ndiye niliyehitaji viazi."

Rogathe alikuwa ametarajia, bila kukiri hata moyoni, kwamba katika Ndolwe nzima mtu mmoja angemwelewa, na mtu huyo alikuwa huyu. Alisema samahani. Mama Hedwiga alitikisa kichwa kama mtu anayepokea salamu ya mbali, akaendelea kuokota.

Njiani kurudi, Rogathe alilia kwa hasira. Alimkasirikia Asheri, na waliokwenda kupeleka mahari, na wapasua mbao, na mvua. Kisha alimkasirikia Mama Hedwiga, akaona aibu, akajikasirikia mwenyewe. Alipofika nyumbani aliosha uso akamkuta Abednego jikoni pamoja na Brightness, binti wa Rogathe, anamenya viazi. Gari la kumshusha Same lilikuwa limekwama kwenye tope. Abednego alisema, kama vile anaomba radhi, kwamba kwa vile yupo tu, labda wajaribu tena.

Walingoja ukungu uondoke. Haukuondoka Jumamosi, wala Jumapili wakati wa ibada. Jumatatu jioni mbingu zilifunguka kwa mara ya kwanza, nyota zikaonekana, na baridi ikawa ya aina nyingine, kavu, kali, inayoingia puani kama sindano. Wazee walisema mabondeni umande utaganda.

Mchana wa siku hiyo Rogathe alikuwa amekwenda kupigilia lile bati kwa misumari mipya. Aliporudi jioni hakuyakuta makoti barazani alikoyaanika. Brightness alimwambia Baba Beatha ameyachukua. Baba Beatha ndiye Asheri. Alikuja na vijana wake, akayahesabu, akauliza ni nani alishona lile lenye mshono uliopinda, kisha akayabeba.

Rogathe hakujua afurahi au akasirike kwamba hakuulizwa. Alibeba sufuria yake akafuata.

Usiku ulipita salama. Kibanda hakikuvuja, kuni zilishika, watu walikunywa chai ya tangawizi hadi midomo ikawaka. Kabla ya alfajiri Asheri aliwapanga mpakani kwa kunong'ona. Rogathe alikuwa na sharti moja tu, nalo alilisema mara moja: hakuna atakayesimama mpaka jua lipande. Watapokezana. Kila mmoja atarudi kibandani kuota moto, mwingine akichukua nafasi yake. Asheri alimwambia kwamba mtu anayetembea mstarini anawafungulia nguruwe mlango. Rogathe alisema anajua. Asheri alikwenda kuwaeleza wenzake utaratibu wa kupokezana, neno kwa neno, kama ni wake.

Mlango kweli ulifunguka. Kundi la madebe lilipofika juu, mbwa wakibweka ndani ya miwati, nguruwe walitoka kwa mkupuo, na wengi wao walipita palepale ambapo kijana mmoja alikuwa ameondoka kwenda motoni na mwenzake hajafika. Waliingia msituni, na msitu ule haukanyagwi na mwindaji. Abednego alipiga mara mbili. Alipata dume moja kubwa na jike moja. Wengine wote, ambao walikuwa kundi zima, walikwenda zao.

Vijana walilaani. Mmoja alisema, kwa sauti ya kusikika, kwamba wangesimama kama wanaume wangepata nyama ya kitongoji kizima. Rogathe alikuwa mlangoni pa kibanda na kikombe mkononi, na alisikia. Kama wangesimama wangepata zaidi. Labda wote wangeshuka wazima vilevile. Hilo hakuna atakayelijua, na lilimuuma kwamba hakuna atakayelijua.

Jua lilipanda. Nyasi za bondeni zilikuwa nyeupe. Watu walirudi mmoja mmoja, pua nyekundu, wakipiga viganja, na kila aliyeingia Rogathe alimwita kwa jina na kumpa kikombe, ili amsikie akijibu. Wa mwisho alikuwa Asheri. Hakuwa amepokezana na mtu. Alikuwa amesimama mwisho wa mstari tangu mwanzo, mahali pa chini penye maji, na blanketi la koti lake lilikuwa limelowa hadi kiunoni na kukakamaa.

Alijaribu kulifungua. Vidole vyake viliteleza kwenye vifungo. Alijaribu tena, kisha akaacha, akasimama tu mbele ya moto mikono ikining'inia. Rogathe aliweka sufuria chini, akamsogelea, akamfungua kimoja kimoja mbele ya watu wote, na hakuna aliyecheka. Ndani ya lile koti alikuwa mkavu.

"Mama Brightness," Asheri alisema, kwa sauti ya chini. Hakumwita mwenyekiti. "Sifael alikuwa na sweta moja tu. Nilimwona. Nikampanga hivyohivyo."

Alipokea chai kwa viganja viwili.

Nyama iligawanywa mchana huohuo. Wasabato waliokuwa kwenye kundi la madebe hawakuchukua, fungu lao likaenda kwa wajane. Rogathe alilipeleka mwenyewe fungu la Mama Hedwiga. Jioni ile mwenyekiti wa kitongoji cha pili alikuwa ameshapiga simu kusema nguruwe wameonekana kwake, na kuuliza kwa nini Ndolwe wamemtumia wageni. Rogathe alimsikiliza, kisha akazima simu.

Alimkuta Mama Hedwiga shambani bado, akifukua kwa mkono. Aliweka nyama juu ya jiwe, akapiga magoti kwenye mstari wa pili, akaanza kufukua naye. Kulikuwa na viazi, vidogo, vilivyosahauliwa chini kabisa. Udongo ulikuwa baridi hadi kucha zikauma.

Baada ya muda Mama Hedwiga alisema amesikia watu wanasema Asheri alishindwa kufungua vifungo vyake mwenyewe. Rogathe alisema ni kweli. Alisita, kisha akamwambia na lile Asheri alilolisema motoni, kwa sababu aliona si haki kubaki nalo peke yake.

Mama Hedwiga aliacha kufukua.

"Sifael alikuwa na sweta mbili," alisema. "Nilimvalisha mwenyewe pale mlangoni. Ya juu alimpa mwenzake aliyekuwa anakohoa. Yule kijana aliniletea baada ya maziko, ameifua." Alipangusa mikono kwenye khanga. "Mwambie Asheri. Au nitamwambia mwenyewe, akipita."

Kisha alimsogezea Rogathe gunia, akamwonyesha mstari ambao bado haujafukuliwa.